Sungura Wawili kwenye Lisiti ya Watoto

Kuna watu wa Mabanga, mtaa wetu wa hapa Goma, ambao mpaka leo wakiniona napita wanaweka vidole viwili juu ya kichwa, hivi, kama masikio, na mimi nawapungia mkono kama mtu aliyesalimiwa vizuri, kwa sababu nitafanya nini, nipigane na mtaa mzima? Wana haki. Aibu niliyoipata siku ile katika uwanja wa shule ya msingi, mbele ya avenyu yetu yote, wageni wa msaada waliovaa jile, vile vizibao vyenye mifuko mingi, mama yangu mzazi, na kipaza sauti kilichokuwa kinafanya kazi (kwenye mikutano mingine yote kinakufa katikati ya salamu, lakini siku yangu kililia kama kengele), nimejaribu kuisahau na imekataa. Ingekuwa aibu yangu peke yangu ningeshaigeuza kichekesho zamani. Shida ni kwamba kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anatafuta watoto wake wawili waliopotea, na mimi kwa akili zangu nyingi nikamwandalia wawili wasio wake. Basi nasimulia mwenyewe, maana ukiisikia kwa wengine utaambiwa niliwavalisha sungura kaptura, na huo ni uongo. Kaptura zilikuwepo, ndiyo. Sikuwavalisha.

Mlima wetu, Nyiragongo, ulitapika jioni ya Jumamosi, na sisi kama watu wengi tukavuka mpaka kukimbilia Gisenyi, Rwanda, mama mbele na rozari, mimi nyuma na redio. Asubuhi tukarudi kwa sababu ilisemwa moto umesimama upande wa Munigi, haukuingia mjini, na mimi nikasema sikubali kitu kwa kusikia tu, naenda kuhakikisha. (Kumbukeni neno hilo, kuhakikisha, litanirudia usoni.) Nilikuwa nimemaliza inivesite mwaka uliotangulia, lisansi, yaani digrii, ya sosioloji, kazi sina, na mtu wa namna hiyo kazi yake inakuwa kutokubali. Sikukubali redio, sikukubali serikali, sikukubali wataalamu wa mlima, sikukubali hata padri akisema misa itaanza saa mbili, na hapo angalau nilikuwa sahihi.

Kule Munigi moto ulikuwa umegeuka mawe meusi yanayotoa moshi, umekata barabara ya kwenda Rutshuru, watu wa ng'ambo ile wamebaki kule na wa huku wamebaki huku, wanaangaliana kwa mbali. Pembeni kabisa mwa yale mawe palikuwa na parseli, uwanja wa mtu, ambayo nyumba yake iliungua yote, yamebaki mabati yaliyojikunja, lakini kwenye kona, chini ya mti wa parachichi uliokauka majani, kulikuwa na sanduku la mbao na waya, na ndani yake sungura wawili wazima. Dume mkubwa wa kijivu aliyeungua ncha ya sikio moja, na jike mweupe aliyejibana nyuma yake akitetemeka. Nikauliza wenye nyumba wako wapi.

"Walikimbia," akasema mzee mmoja aliyekuwa anachokoa misumari kwenye majivu. "Upande gani, hatujue. Na weye kama hauchukue ile sungura, miye minachukua. Sufuria yangu iliungua, lakini jirani iko nayo."

Nikawachukua mimi, ndani ya jaketi, kifua changu kikakwaruzwa mpaka nyumbani.

Mama yangu ni mtu wa upande wa Bukavu, anauza maharagwe sokoni, na huwa haoni sababu ya mnyama kuishi nyumbani kama hazai wala haendi kwenye sahani. Aliponiona nimefungua jaketi alipiga ishara ya msalaba kwa furaha.

"Ulienda kuangalia moto, unaleta mboga. Aksanti Yesu."

"Mama, hawa si mboga."

"Njo nini?"

"Ni wakimbizi."

Akawapima kwa macho. "Wakimbizi ya kilo mbili mbili," akasema, akaenda kutafuta kisu. Tulibishana mpaka maji yakachemka na yakapoa.

Nilishinda kwa maneno, halafu ikabidi nishinde kwa kazi, na kazi ya sungura si mchezo. Nilisoma kwenye simu kwamba hawapewi majani yenye maji maji, tumbo linavimba wanakufa, kwa hiyo nyasi lazima zikauke kwanza. Kwetu wakati ule kila jani lilikuwa na majivu ya mlima, kwa hiyo kabla ya kuzikausha nilikuwa naziosha, na maji yenyewe ya kunywa tulikuwa tunayapangia foleni na vidumu, basi fikirini sura ya mama yangu aliponikuta nasuuza nyasi jani moja moja. Nikawatengenezea sanduku lenye sakafu ya mbao, kwa sababu parseli yetu kama zote za Goma ni mawe ya moto wa zamani na yanakata nyayo zao. Nikaosha lile sikio na maji ya chumvi asubuhi na jioni. Nikajifunza kuwabeba kwa mikono miwili, mmoja chini ya matako, wala si kwa masikio kama tunavyowabeba sokoni. Majina sikuwapa (niliona ni ujinga wa wazungu), lakini nilikuwa nawaambia habari zangu, na dume alikuwa msikilizaji mzuri kuliko wenzangu wa inivesite. Ardhi ikitetemeka, na ilitetemeka siku zile kutwa nzima, alikuwa anapiga mguu wa nyuma chini, du, du, na majirani wakaanza kuja kumuuliza yeye badala ya kusikiliza wataalamu.

Kisha tukaambiwa tuhame mji wote, mlima unaweza kurudia. Kwenye njia ya Sake watu walibeba magodoro, televisheni, wagonjwa mgongoni. Mimi nilibeba kikapu cha sungura. Askari kwenye kizuizi alifunua kitambaa, akauliza, "Ya kula?" nikasema hapana, akaniangalia kama mgonjwa wa kichwa na kuniruhusu haraka nisije nikamwambukiza.

Jioni, kule Sake na hata tuliporudi, mama alikuwa anafungua redio kusikiliza majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao usiku ule wa moto. Ilikuwa orodha ndefu isiyokwisha, Baraka wa miaka kadhaa, Furaha wa miaka kadhaa, wa Munigi, wa Kibati, wanatafutwa na mama yao. Mama alikuwa anajibu kila jina "Bikira Maria," na mimi nilikuwa nasema kazi bure, nani alishawahi kupatikana kwa redio? Mama akawa anaongeza sauti.

Sasa tufike kwenye lisiti yenyewe, ile orodha ya majina ya watu wa kupewa msaada.

Lazima mnielewe: mimi nimezaliwa ndani ya lisiti. Nilizaliwa wakati wa uasi mmoja, jina langu liliandikwa kwenye daftari la wakimbizi kabla ya daftari la ubatizo, na tangu hapo kila uasi na kila moto umekuja na lisiti yake. Tumekua tukiona watu wenye watoto wawili wanaandikwa saba, na marehemu wanapokea mafuta ya kupikia. Kwa hiyo nilikuwa na hoja: hakuna anayehakikisha. Nilikuwa nimeanza kuandika maandishi marefu ya kutuma kwenye grupu yetu ya WhatsApp ya wasomi wasio na kazi, yenye kichwa "Nani Anawahesabu Wanaohesabu?" Yalikosa mfano tu.

Mfano ukaja wenyewe siku shefu wetu wa avenyu, Muzee Gaspard, alipopita na daftari lake kuandika wanaohitaji msaada. Muzee Gaspard ni mtu mwema, mwalimu aliyestaafu, anaandika polepole kwa herufi nzuri.

"Patient, kwenu muko wangapi?"

"Mama na mimi. Na wengine wawili tuliowapokea."

"Batoto?"

"Bado wadogo. Walitoka Munigi, nyumba iliungua, wenye nyumba hatujawaona."

"Majina yao?"

Kalamu ilikuwa hewani. Hapo ndipo ningesema, "Muzee, ni sungura," tungecheka wote wawili, angepita kwa jirani, na leo ningekuwa natembea Mabanga kama mtu wa kawaida. Badala yake niliona maandishi yangu, niliona wasomi wa grupu wananipigia makofi, nikasema, "Dieudonné. Na Solange."

"Miaka?"

"Saba na mitano."

"Beko wazima?"

"Dieudonné aliungua sikio."

Muzee Gaspard aliandika yote, halafu akavua miwani na kuifuta, na haikuwa na vumbi. "Mutoto wangu," akasema, "tulikuwa tunasema weye uko kijana wa mdomo tu. Kumbe uko na roho." Akanishika bega. Lile bega liliniuma wiki nzima.

Nilijiambia nitasubiri waje kuhakikisha, wasipokuja nimeshinda. Hawakuja. Walikuja wamama wa shirika la kanisa, ambao si wa kuhakikisha, ni wa kuhurumia. Walileta unga wa uji, sabuni, gauni moja na kaptura mbili. Wakaomba kuwaona watoto, nikasema wamelala (ilikuwa kweli, saa nane mchana sungura wanalala). Wakauliza wanakula vizuri, nikasema wanakula kidogo kidogo, wanashtuka wakisikia kelele. Wakalia. Mama yangu alipotoka sokoni akakuta kaptura kwenye kiti.

"Hii ni ya nani?"

"Ya watu wa kanisa."

"Niko nauliza ni ya nani, siulize ilitoka wapi."

Nikasema nitamweleza kesho. Na kesho yake majina yakabandikwa kwenye ukuta wa shule, karatasi ya watoto waliopokelewa na familia, yakasomwa na mtu yeyote mwenye macho: Dieudonné na Solange, saba na mitano, Munigi, nyumba iliungua, mmoja ameungua sikio. Nikasimama mbele ya ule ukuta na kwa kweli sikuona aibu, niliona ushindi. Lisiti ilikuwa imepita mikono yote na muhuri umegongwa juu yake!

Jioni ile Muzee Gaspard akaja mwenyewe mlangoni. "Kesho bageni ya msaada banakuja pa uwanja. Mukuje na ile batoto, tubaonyeshe. Avenyu yetu inapashwa kuwa na kitu ya kujivunia."

Nafasi ya pili ya kukiri ilikuwa hiyo. Nikasema, "Tutakuja, muzee," kwa sababu nilikuwa nimeona namna ya kumaliza jambo hili kwa heshima: nitawafunua hadharani, mbele ya wageni wenyewe, nitoe hotuba fupi, ukweli utoke. Nilikesha naitengeneza. Ilikuwa na sehemu tatu.

Uwanja ulijaa. Watu walikuwa kwenye mistari wakisubiri turubai, mama yangu katika mstari wa wanawake na jeto yake, kile kikaratasi cha zamu, mkononi, wageni kwenye viti vya plastiki, na Muzee Gaspard amevaa koti la ndoa yake. Akashika kipaza sauti.

"Watu banasema vijana ya siku hizi banajua tu kubisha. Leo mutaona. Patient! Kuya! Kuya na batoto!"

Nikatoka na kikapu kilichofunikwa kitenge. Watu wakanyoosha shingo wakitafuta watoto nyuma yangu. Nikapokea kipaza sauti, nikakohoa kama profesa.

"Wapendwa," nikasema, "lisiti hii imepita kwa shefu, imepita kwa mtaa, imepita ofisini, imegongwa muhuri. Naomba kuuliza. Nani kati yenu, hata mmoja, aliyekuja kuwaona watoto hawa kwa macho yake?"

Watu wakageuka kuangaliana.

"Hakuna. Basi waoneni."

Nikavuta kitenge. Dume akainua kichwa na lile sikio lake lenye kovu, jani la kiazi linaning'inia mdomoni, akatuangalia wote bila haraka. Kicheko kilichopanda uwanjani mimi sijawahi kukisikia kingine, mtu alianguka kutoka juu ya ukuta, mgeni mmoja alikuwa anamwuliza mwenzake anachekwa nani, na nitasema ukweli, zile sekunde mbili au tatu zilikuwa tamu kuliko siku niliyopokea diploma.

Halafu nikamwona anakuja.

Alikuwa mwanamke amevaa koti la mwanaume juu ya kitenge, vumbi mpaka magotini, anapita katikati ya mistari na watu wanampisha kwa sababu alikuwa anawaambia mmoja mmoja, "Niko mama yao, munipishe, niko mama yao." Alikuwa ameisoma ile karatasi ukutani asubuhi hiyo. Miaka haikuwa yenyewe hasa, lakini nani anaandika miaka vizuri kwenye lisiti? Majina hayakuwa yenyewe, lakini watoto wanaogopa, wanasema jina lolote. Mvulana na msichana, Munigi, nyumba iliyoungua, kando ya mawe. Mkononi alikuwa na kitubu kidogo cha pomadi ya kuungua, cha kupaka lile sikio. Na alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo lililobaki kwangu. Alisikia watu wanacheka, na mahali watu wanapocheka na watoto, watoto wako wazima.

Akafika, akaangalia ndani ya kikapu. Akaangalia nyuma yangu. Akainama akaangalia chini ya meza ya wageni.

"Beko wapi?" akaniuliza. Aliuliza polepole, lakini mimi bado nilikuwa na kipaza sauti mkononi, na avenyu nzima ikasikia. "Batoto. Beko wapi?"

"Mama, hakuna... Si watoto. Nilikuwa nataka kuonyesha kwamba..."

"Kuonyesha nani?"

Nimetetea kitabu changu cha lisansi mbele ya maprofesa wanne na hakuna aliyeniuliza swali gumu kama lile. Kicheko kilikuwa kimekufa. Yule mama akaangalia tena kikapuni, safari hii akaangalia vizuri, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo sikuielewa.

"Ule ni Komanda," akasema.

"Nani?"

"Sungura ya batoto bangu. Ni Komanda. Na ule mweupe njo Tantine."

Akakaa chini kwenye mawe, pale pale, akamtoa yule dume kwa mikono miwili, mmoja chini ya matako, akamlaza mapajani. Akafungua kile kitubu kwa meno. Akampaka pomadi kwenye sikio, taratibu, mpaka kwenye ncha, kama ile ndiyo kazi iliyomleta. Watu wote tulimwangalia. Sehemu ya pili na ya tatu ya hotuba yangu sijawahi kuzitoa mpaka leo.

Aliyekuja kuniokoa, au kunimaliza, ni mama yangu. Alitoka kwenye mstari, akaninyang'anya kipaza sauti.

"Munisamehe," akasema. "Ni mutoto wangu. Alisoma miaka mitano."

Akamrudishia shefu chombo chake, akaenda kumwinua yule mama, wakaondoka naye kwetu, mama yangu akiwa amembeba Tantine. Kwa masikio, kwa hasira.

Muzee Gaspard hakunitukana. Alifungua daftari, akafuta jina langu na la mama yangu kwa rula, mistari miwili iliyonyooka, kwa kosa la udanganyifu, kwa hiyo turubai hatukupata na mvua za msimu ule zinanikumbuka vizuri. Ila Dieudonné na Solange hawakufutwa. Hakuweza. Walikuwa wameshahamishiwa kwenye lisiti ya watoto, ambayo iko ofisi nyingine, na kule walisema kumfuta mtoto kunahitaji barua ya mzazi wake.

Yule mama tulimwita Mama Baraka, kwa jina la mkubwa wake. Baraka alikuwa na miaka tisa, Furaha sita. Jumamosi ile alikuwa ameshuka mjini kumwona dada yake mgonjwa, amewaacha kwa jirani, na moto ukakata barabara katikati yao, yeye huku, wao kule. Tangu wakati huo alikuwa anasoma kuta. Aliyasema hayo akiwa amekaa kwenye kiti kile kile chenye kaptura, na mama yangu anampa uji wa Dieudonné, na mimi nimesimama mlangoni kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae.

"Ulitangaza pa redio?" mama akamwuliza.

"Mara tatu."

Nikasema nitampeleka tena. Asubuhi alinifuata, hatua kumi nyuma yangu, akiwa amebeba kikapu. Pale redioni kijana mwenye zamu alifungua kurasa zake na kutuonyesha: Baraka na Furaha, Baraka na Furaha, Munigi, Kibumba, Buhene. "Mama, kila nyumba iko na Baraka na Furaha," akasema, naye kwa huzuni. "Watu bakisikia, banashindwa kujua ni gani."

Hapo nikasema jambo la kwanza la maana katika mkasa huu wote, na nililisema bila kufikiri. "Tangaza sungura."

"Kijana, hii ni komunike, ni tangazo ya watu."

"Komanda yuko mmoja tu."

Yule kijana alianza kucheka, akamwangalia Mama Baraka, akaacha. "Soma sungura," yule mama akamwambia.

Basi saa moja jioni, mama yangu akiwa ameongeza sauti mpaka mwisho, Goma yote na milima yake ikasikia kwamba sungura wawili wa Munigi, Komanda, wa kijivu, na Tantine, mweupe, wamepona moto, kwamba sikio la Komanda linaendelea vizuri, kwamba wanawatafuta wenyewe wawili, mvulana na msichana, na kwamba mwenye habari apige namba ya kijana Patient wa Mabanga. Jina langu wangeweza kuliacha. Waliniuliza, nikasema liacheni lisomwe.

Simu ikaanza. Walipiga watu wa kucheka, walipiga wanafunzi wenzangu, walipiga watu walioapa kuwa sungura ni wao, wote wawili, na wakizaa pia ni wao. Mama Baraka akanifundisha swali la kuwauliza: kwa nini anaitwa Komanda? Kwa sababu ni mukubwa, walisema. Kwa sababu iko na nguvu. Nikakata, nikakata.

Siku ya nne akapiga motari mmoja, mwendesha pikipiki wa Kiwanja, kule upande wa Rutshuru, akasema kwa jirani yake kuna mtoto aliyeruka kitandani aliposikia komunike na tangu hapo hataki kunyamaza, ngoja nimpe simu. Nikasikia pumzi ndogo.

"Kwa nini anaitwa Komanda?" nikauliza.

"Kwa sababu anakula chakula ya Tantine," sauti ya msichana ikasema, kama mtu anayeulizwa jambo la wazi kabisa, "halafu anapiga muguu chini."

Simu ilinyakuliwa mkononi mwangu. Sitaeleza yaliyofuata, nilitoka nje, nikaenda kuosha nyasi.

Usiku ule wa moto wale watoto walisombwa na watu wakikimbia kuelekea kaskazini, jirani akapotea gizani, na mjane mmoja wa Kiwanja, muuza mihogo, akawakuta barabarani akawachukua. Aliwalisha na kuwalaza na watoto wake mwezi mzima. Jina lake halikuwa kwenye lisiti yoyote.

Motari aliwaleta juu ya yale mawe meusi, njia ilipokuwa imesafishwa, watatu kwenye pikipiki moja. Baraka alimkumbatia mama yake, halafu akaenda moja kwa moja kwenye sanduku langu. Akakagua sakafu, akakagua nyasi kama zimekauka, akaligeuza lile sikio huku na huku. Kisha akanigeukia mimi.

"Ni weye uliandika Komanda ni mutoto?"

"Ni mimi."

"Uliandika miaka ngapi?"

"Saba."

"Iko na mwaka moja," akasema. "Na Tantine miezi munane. Uliandika uongo."

Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyeihakikisha ile lisiti. Akaondoka amevaa kaptura ya Dieudonné, fupi kidogo, na kikapu kichwani, na kwetu pakabaki sanduku tupu ambalo mama yangu alikataa kulivunja, eti kuni zipo.

Maandishi ya grupu sikuyamaliza. Miaka ikapita, waasi wakakaribia tena, watu wakashuka kutoka Rutshuru na vitu vyao kichwani, vibanda vya turubai vikafunika yale yale mawe ya Munigi, na Muzee Gaspard akaja mlangoni kwetu na daftari jipya. Alihitaji mtu wa kuandika. "Weye unajua mulango uongo inaingilia," akasema, na sikuona anatania. (Dieudonné na Solange bado wapo kwenye lisiti ya watoto, kwa taarifa yenu. Imeandikwa walipanda darasa.)

Niliapa kwamba sitaandika tena jina ambalo sijaona uso wake, na nimelishika hilo, ingawa linanichelewesha na watu wananichukia. Kibanda cha kwanza tu, mama mmoja aliniambia ana watoto wanne. Nikamwomba aniitie wote, mmoja mmoja, niwaone.

"Weye kijana," akasema, mikono kiunoni, "unaniona niko muongo?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Muongo ni miye."